Martinsville hadi Darlington: wiki ya kupima viwanja vya NASCAR kwa ajili ya ligi yetu ya fantasi

Nimeandika haya kutoka kwenye daftari na picha za simu, sasa tukiwa nyumbani na mbio nne za viwanja tulivyopitia, Martinsville, Darlington, Bristol na Talladega, zimeshakimbiwa. Waliokuwa wakiniuliza kwenye kundi kwa nini nilibadilisha timu yangu kila wiki watapata jibu humu.

Kwanza kanuni zetu, kwa wasomaji wasio wa kundi. NASCAR ni mbio za magari za Marekani, na Kombe ndilo daraja lake la juu. Ligi ya fantasi ni mchezo wa kuchagua madereva halisi na kupata pointi kwa matokeo yao. Yetu ni ya Waafrika Mashariki tuliotawanyika Marekani, wengi madereva wa malori na wauguzi. Kila wiki ya mbio unachagua madereva watano na mmoja wa akiba. Dereva mmoja huruhusiwi kumtumia zaidi ya mara kumi, na msimu wa Kombe una mbio 36 za pointi, kwa hiyo majina makubwa lazima uyatumie kwa mahesabu. Mbali na pointi za nafasi ya kumaliza, dereva anapata robo pointi kwa kila mzunguko anaoongoza, pointi moja kwa kila nafasi aliyopanda kutoka alikoanzia, na anakatwa moja kwa kila nafasi aliyoshuka.

Wengi kundini wanapanga viwanja kwa urefu: vifupi, vya kati, virefu. Mimi nilishaanza kushuku kwamba urefu unadanganya. Nilitaka kuviona kwa macho na kuigusa lami yenyewe. Baba yangu mdogo, aliyeendesha malori makubwa nchi hii kwa miaka mingi na anayesoma tairi kama wengine wasomavyo gazeti, alikuwa na wiki ya likizo. Akasema, "Twende mwanangu, mafuta nusu kwa nusu."

Jumapili, Machi 30, 2025: Greensboro hadi Martinsville

Mwaka huo siku ya mbio za Martinsville iliangukia Idi. Tuliswali Greensboro, North Carolina, asubuhi, tukapeana mikono na watu wa Kongo, Sudan na Pakistani, na mama mmoja wa Bukavu akatujazia chombo cha pilau aliposikia tunasafiri. Tulipita kwa bamdogo kuchukua boksi la baridi, kisha barabara ya 220 kuelekea kaskazini. Ni kama maili 50 tu mpaka uwanjani, lakini maili nne za mwisho zilitula saa nzima. Mbio zilikuwa saa tisa alasiri. Ukitoka Greensboro saa nne asubuhi unafika na kupumua, ila sisi tulitoka saa sita.

Tiketi zetu zilikuwa dola 62 kila mmoja, viti vya juu upande wa kona ya nne. Chagueni viti vya juu. Martinsville ni padogo mno, maili 0.526, yaani chini kidogo ya mita 850, na ukikaa chini unaona gari likipita mbele yako tu. Ukikaa juu unauona uwanja wote: nyoofu mbili ndefu na kona mbili zilizobana kabisa, umbo lililoupa jina la utani la kibanio cha karatasi. Nyoofu ni lami, kona ni zege. Mwinamo wa kona, yaani jinsi njia ilivyolazwa kuelekea ndani, ni nyuzi 12 tu.

Nilichokuwa sijakielewa kwenye televisheni ni breki. Pale tulipokaa, kila kundi la magari lilipoingia kona ya tatu harufu ya breki ilitufikia, harufu ileile inayotoka kwenye lori lililoshuka mlima mrefu. Bamdogo aliivuta mara mbili akasema, "Hapa mtu anashinda kwa mguu wa kushoto." Kona haina mwinamo wa kulibeba gari, kwa hiyo dereva lazima apunguze mwendo sana, ageuze, kisha akanyage tena, mizunguko 400. Na kwa kuwa gari hili la kizazi kipya lililoanza 2022 linashika njia kwa namna ileile kwa kila timu, kumpita mtu ni kazi. Nilimhesabia dereva mmoja mwenye tairi nzima amekaa nyuma ya mwenzake mizunguko kumi na zaidi bila kupata upenyo.

Mzee aliyekaa kulia kwetu, Mvirginia aliyekuja na mjukuu wake, alituona tunakodoa macho, akafungua mfuko na kutoa hediseti ya ziada iliyounganishwa na skana yake. Kwa skana unasikiliza dereva akizungumza na timu yake. Alimpa bamdogo amsikilize Denny Hamlin, na hakuidai mpaka mwisho. Sisi tukamgawia pilau. Alikula, akauliza kuhusu iliki, mjukuu akaongeza. Uwanja huu una hotidogi zake maarufu, zilizokuwa za dola 2, na foleni yake ni ndefu kuliko ya choo, ila hatukuwa na uhakika wa nyama yake, na pilau lilitutosha.

Hamlin alishinda, akiwa ameongoza mizunguko 274 kati ya 400. Kwa kanuni zetu hizo ni pointi 68.5 juu ya pointi za ushindi. Christopher Bell wa pili, Bubba Wallace wa tatu. Kumbukeni hesabu hii: uwanja wa mizunguko 400 una pointi 100 za kuongoza za kugawana, na Martinsville mtu mmoja au wawili huzichukua karibu zote. Anayeanza mbele anakaa mbele, na pia anachagua mapema sehemu yake ya kusimama piti, yaani pale gari linapobadilishiwa tairi na kujazwa mafuta. Kwa hiyo hapa usipange timu kabla ya matokeo ya kufuzu ya Jumamosi, yanayopanga nani anaanzia wapi.

Tulilala Danville, maili 30 mashariki, moteli dola 78. Jirani na uwanja bei ilikuwa zaidi ya mara mbili.

Jumatatu, Machi 31: Danville hadi North Wilkesboro

Danville haikuwa ya kulala tu. Ndipo alipotoka Wendell Scott, na kuna bango la kihistoria la jimbo kwa ajili yake. Scott alikuwa fundi na dereva aliyejitengenezea magari yake mwenyewe, Mweusi katika kusini ya wakati ule. Desemba 1, 1963 alishinda mbio za daraja la juu la NASCAR kule Jacksonville, Florida, lakini bendera na kombe akapewa dereva Mzungu, Buck Baker. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wameshakwenda zao, ndipo ikakubaliwa kwamba Scott ndiye aliyeshinda. Aliaga dunia 1990. Familia yake ilikabidhiwa kombe la ushindi ule mwaka 2021. Mwaka huohuo, Oktoba, Bubba Wallace alishinda Talladega, dereva Mweusi wa kwanza kushinda mbio za Kombe tangu Scott.

Bamdogo alisimama mbele ya bango muda mrefu, akalisoma lote, akavua kofia. "Miaka 58," alisema. Sikumwongezea neno.

Kutoka hapo ni magharibi, kama saa mbili na nusu. North Wilkesboro haikuhesabika kwenye ligi yetu mwaka 2025, maana iliandaa mbio za nyota zisizo na pointi za msimu. Lakini ilikuwa njiani na nilitaka kuiona lami yake. Uwanja ulifunguliwa 1947, ukatelekezwa baada ya 1996, ukafufuliwa 2023 watu wakiwa wameshaukatia tamaa. Nyoofu ya mbele inateremka, ya nyuma inapanda. Tulikuta geti limefungwa. Mfanyakazi aliyekuwa akipaka rangi uzio alituuliza tumetoka wapi, bamdogo akajibu Tanzania, yule mfanyakazi akacheka akasema tumetoka mbali kuliko wageni wote wa wiki hiyo, akatufungulia tusimame dakika kumi ukutani.

Lami ya zamani ya hapa ilikuwa ya 1981, imeng'olewa, mpya iliwekwa kabla ya mbio za 2024. Ni nyeusi, imebana, haina mawe yaliyojitokeza. Nilipitisha kiganja na hakikukwaruza. Lami mpya hushika tairi vizuri na haizili, kwa hiyo madereva wote wanakwenda mwendo mmoja na kupitana kunapungua. Niliandika hilo kwa wino mwekundu, maana viwanja vinabadilika vikiwekewa lami mpya, na takwimu za miaka ya nyuma zinakuwa hazina kazi.

Jumanne, Aprili 1: Kupitia milima hadi Bristol

Barabara ya 421 kutoka Boone hadi Bristol ni ya waendesha pikipiki, kona juu ya kona hadi Shady Valley. Karibu na Boone, kandokando ya mito, bado mlikuwa na magogo na mabati yaliyoachwa na mafuriko ya tufani Helene ya Septemba 2024. Nendeni mchana, jazeni mafuta Boone, na msile kwanza kama tumbo lenu si la milimani. Simu yangu haikuwa na mtandao kwa kipande kirefu. Dukani njiapanda ya Shady Valley kahawa ilikuwa dola 2 na watu wana maneno mazuri.

Bristol inakushtukiza. Unashuka kilima, mara unaona jengo refu la majukwaa limeuzunguka uwanja mdogo pande zote. Mwaka 2016 ilichezwa hapa mechi ya mpira wa Kimarekani ya vyuo mbele ya watu 156,990. Tulipata nafasi kwenye ziara ya mchana. Muwapigie simu kwanza, kwa sababu wiki zinazokaribia mbio ratiba hubadilika.

Hapa ndipo safari nzima ilipolipa. Bristol ina urefu wa maili 0.533. Martinsville 0.526. Tofauti ni kama mita 11, hatua chache tu. Kwenye jedwali la kundi letu viwanja hivi vimekaa mstari mmoja: "vifupi". Lakini gari la mwongozaji wetu liliposimama kwenye kona nikashuka, nilishindwa kusimama wima. Mwinamo ni wa nyuzi 24 hadi 28, na ni zege tupu mzunguko mzima, tangu 1992. Nilipanda nikiwa nimeinama, vidole vikigusa chini, na nilipofika katikati viatu vikaanza kuteleza. Zege lina mistari ya kukwangua, na juu yake kuna weusi wa mpira wa tairi uliochakaa, umeganda kama utando. Nililigusa pale chini, lilikuwa na unato kidogo. Mwongozaji alieleza kwamba njia ya chini hupakwa gundi ili magari yashike.

Martinsville mzunguko ni kama sekunde 20. Hapa ni 15. Urefu uleule. Kona inalibeba gari, breki inaguswa tu. Mpira unapoganda juu ya zege njia yenye mshiko huhama, mara chini, mara juu karibu na ukuta, kwa hiyo dereva anayejua kuhama nayo anaweza kupita wenzake siku nzima. Machi 2024 tairi zilichakaa hapa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, na uongozi ukabadilika mara 54.

Bamdogo alikuwa kimya, akipima kwa macho. Kisha akasema, "Martinsville unahitaji breki na subira. Hapa unahitaji mtu asiyeogopa ukuta."

Na mizunguko ni 500. Kwa kanuni zetu hizo ni pointi 125 za kuongoza, nyingi kuliko za Martinsville ya Machi. Nikaandika: Kyle Larson, Bristol, usimwache hata kidogo.

Moteli upande wa Virginia wa mji, dola 71. Barabara kuu ya mji huu inakatwa na mpaka wa majimbo katikati, mguu mmoja Tennessee, mwingine Virginia.

Jumatano, Aprili 2: Bristol hadi Alabama

Siku ya barabara tu, kama maili 350: Knoxville, Chattanooga, kisha I-59. Wiki ile dhoruba kali zilikuwa zikipiga magharibi mwa Tennessee na Kentucky na simu zetu zililia tahadhari mara kwa mara. Tulipoteza saa moja na nusu kwenye foleni ya ajali baada ya Chattanooga. Ukiingia Alabama saa inarudi nyuma moja, jambo linalosaidia kama unawahi kufunguliwa kwa makumbusho kesho yake. Mafuta yalikuwa kati ya dola 2.75 na 2.95 kwa galoni njia yote.

Alhamisi, Aprili 3: Talladega, kisha Clarkston

Toka I-20 kwenye mlango wa 173 na utaona. Au tuseme hutaona, maana Talladega ni kubwa kiasi kwamba ukiwa chini huwezi kuumaliza kwa macho. Maili 2.66, zaidi ya kilomita nne. Ulijengwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege na kufunguliwa 1969, na mbio za kwanza madereva wengi wakubwa waligoma kwa hofu ya tairi kupasuka. Makumbusho yako jirani kabisa, na ukiuliza hapo wanakuambia kama basi la kuzunguka uwanja linatembea siku hiyo. Sisi lilitembea.

Mwinamo ni nyuzi 33. Basi lilipita chini kabisa, kwenye ukanda tambarare, na nikiangalia dirishani lami ilikuwa imesimama pembeni yetu. Niliomba tushuke. Ni lami laini, na haina haja ya kuwa nyingine, kwa sababu hapa hakuna anayeinua mguu. Mwaka 1987 Bill Elliott alifuzu hapa kwa maili 212.809 kwa saa, rekodi ambayo haijavunjwa. Mbio zilezile gari la Bobby Allison liliruka na kuchana uzio mbele ya watazamaji, na tangu 1988 nguvu ya injini kwenye viwanja vikubwa hivi ikabanwa. Matokeo yake ni yale mnayoyaona: magari yote mwendo mmoja, yamefuatana mkia kwa mkia, la mbele likikata upepo na la nyuma likisukuma. Mmoja akiyumba, ishirini wanaumia.

Sasa hesabu. Talladega ni mizunguko 188. Pointi 47 za kuongoza kwa jumla, na zinagawanywa kwa madereva wengi maana uongozi unabadilika kila kukicha. Bristol ni 125 na anaweza kuzibeba mmoja. Kumtumia Larson au nyota mwenzake William Byron Talladega ni kutupa moja ya zile mara kumi zake. Pointi za Talladega ziko kwenye kupanda nafasi. Dereva anayeanza wa 32 akamaliza wa 10 kwa kuwa tu alinusurika ajali anakuletea 22 za kupanda. Anayeanza wa pili hana pa kupanda, ana pa kushuka tu. Kwa hiyo hapa ni majina ya kati, walioanza nyuma, na wanaojua kusukumana.

Bamdogo aliuliza swali moja ambalo mwongozaji alilipenda: kwa nini mstari wa kumalizia umesogezwa mbali hivyo kuelekea kona ya kwanza? Ni kweli, umekaa mbele ya pale unapoutarajia, na katika mzunguko wa mwisho dereva wa pili anapata nafasi ndefu zaidi ya kujaribu kupita baada ya kona ya nne. Mwangalie anayekuwa wa pili na wa tatu akitoka kona ile.

Alasiri tulirudisha saa mbele tukaingia Georgia. Uwanja wa Atlanta, uliokuwa bado ukiitwa Atlanta Motor Speedway, uko Hampton, kusini ya jiji, na tulifika jua linazama, tukaiona kwa nje tu. Haijalishi. Nilichokitaka nilishakielewa. Atlanta ni maili 1.54, Charlotte ni maili 1.5, na jedwali letu linaziweka pamoja. Lakini mwaka 2022 Atlanta iliwekewa lami mpya, ikabanwa upana, mwinamo ukapandishwa hadi nyuzi 28. Tangu hapo wanakimbia kwa kufuatana kwenye upepo, kama Talladega. Februari 2024 Daniel Suárez alishinda hapa akiwa sambamba na Ryan Blaney na Kyle Busch, tofauti ya wa kwanza na wa pili sekunde 0.003. Kwa fantasi Atlanta ni dada wa Talladega, na mbio zake zipangeni hivyo.

Usiku tulikuwa Clarkston, kwa ndugu wa mke wa bamdogo. Mji ule umepokea wakimbizi kwa miaka mingi, na jioni ile nilisikia Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na cha Mombasa kwenye mtaa mmoja. Tulikula ugali, sangara na sombe, watoto wakitaka waoneshwe video ya magari mara kumi. Mwenye nyumba alikataa hata kuchangiwa mafuta ya kupikia, na asubuhi kulikuwa na chapati zimefungwa kwenye karatasi ya fedha juu ya usukani.

Ijumaa, Aprili 4: Charlotte

I-85, kama saa nne. Kwenye jumba la heshima la NASCAR katikati ya jiji la Charlotte kuna kitu ambacho mcheza fantasi asikikose: njia ya kupanda yenye magari ya zamani, ambayo mwinamo wake unaongezeka hatua kwa hatua kutoka tambarare hadi nyuzi 33, ikionesha kila uwanja uko wapi. Unaposimama pembeni ya 12 halafu ukaenda kwenye 24, kisha 33, mwili unaelewa kabla ya kichwa. Kama huna nafasi ya kuzunguka kama sisi, nenda pale tu. Egesha gari mbali kidogo na utembee. Maegesho ya jirani yalikuwa dola 20.

Uwanja wenyewe uko Concord. Nyuzi 24, na mbio zake kubwa za maili 600 zinaanza jioni kukiwa bado na mwanga na kumalizika usiku. Lami ikipoa gari linabadilika. Aliye bora mzunguko wa 100 si lazima awe bora wa 350, na ni mizunguko 400, kwa hiyo pointi za kuongoza ni 100. Hapa timu yenye mafundi wanaojua kurekebisha gari wakati wa mbio inalipa.

Jumamosi tulipumzika na kufua nguo.

Jumapili, Aprili 6: Darlington

Kutoka Charlotte tulipita Pageland, barabara ya 151 mpaka Hartsville, inayokufikisha mbele ya geti. Hii njia ni nzuri kuliko kuzungukia barabara kuu. Pembeni ni mashamba na wauza karanga za kuchemsha. Mfuko ulikuwa dola 5, moto, zina chumvi. Nunua miwili.

Darlington ni wa 1950, na umbo lake ni yai. Harold Brasington, aliyeujenga, alinunua ardhi ya mtu aliyekuwa na bwawa la samaki wadogo na hakutaka bwawa liguswe, kwa hiyo upande mmoja wa uwanja ukabidi ubanwe. Mpaka leo kona mbili ni pana, nyuzi 25, na mbili zimebana, nyuzi 23. Gari ukilitengeneza liende vizuri upande huu, litakusumbua upande ule. Maili 1.366.

Tulikuwa na pasi za kuingia njiani kabla ya mbio. Watu walikuwa wanapiga picha magari yaliyopakwa rangi za miaka ya zamani, desturi ya wikendi hiyo. Bamdogo akaenda moja kwa moja kona ya pili, akachuchumaa, akaweka kiganja chini. Akaniita. "Gusa." Lami imezeeka, utando wake wa juu umeliwa, vijiwe vimebaki juu. Ni msasa. Nilipouinua mkono ulikuwa na alama. "Tairi jipya hapa," alisema, "mizunguko ishirini tu limeshakuwa tairi jingine." Kisha akanionesha ukutani: mistari mirefu ya rangi, njano, nyekundu, buluu, usawa wa bodi la kulia. Njia ya haraka iko pale juu, na kila gari linajikwaruza.

Hiyo ndiyo maana ya Darlington kwa fantasi. Tairi zikichakaa, anayezitunza anapanda hata kama alifuzu vibaya, kitu ambacho Martinsville hakipo. Na ukuta unaweza kumtoa yeyote: siku ile Larson aligonga mapema na kwa upande wa pointi mchana wake ukaishia hapo.

William Byron alianza wa kwanza akaongoza mizunguko 243 ya mwanzo bila kukatizwa. Sijawahi kuona mtu akiendesha kwa utulivu ule. Kisha, ikiwa imebaki michache, bendera ya njano, ishara ya kupunguza mwendo, ikatoka, wote wakaingia piti, na wahudumu wa Hamlin wakamtoa wa kwanza. Mbio zikaenda mizunguko ya nyongeza, Hamlin akashinda tena, wiki ya pili mfululizo, akiwa ameongoza mizunguko 10. Byron wa pili. Kwenye ligi yetu Byron alipata 60.75 za kuongoza, Hamlin 2.5. Jukwaa zima lilimshangilia mshindi. Mimi na bamdogo tulikuwa tunamshangilia wa pili, na mama mmoja mbele yetu mwenye fulana ya namba 24, namba ya gari la Byron, akageuka akatukumbatia wote wawili.

Kutoka maegeshoni: saa moja na dakika arobaini. Kaeni mle karanga, msikimbilie foleni.

Baada ya kurudi

Aprili 13 Bristol: Larson aliongoza 411 kati ya 500 na kushinda. Pointi 102.75 za kuongoza tu, kutoka kwa dereva ambaye wiki moja kabla wengi walimtupa kwa sababu ya Darlington. Waliomwacha ni wale waliotazama jina la dereva na wiki iliyopita, wakasahau uwanja.

Aprili 27 Talladega: Austin Cindric alishinda kwa sekunde 0.022. Ryan Preece wa pili na Joey Logano wa tano wakaenguliwa jioni baada ya ukaguzi wa bawa la nyuma, na jedwali letu likabadilika watu wakiwa wameshalala. Mtunza pointi wa kundi, tafadhali usifunge hesabu mpaka ukaguzi umalizike. Hilo niliomba, na limekubaliwa.

Jedwali jipya la viwanja nimeshalituma kundini. Sijalipanga kwa urefu. Lina safu nne: mizunguko ni mingapi, lami ina umri gani, mwinamo ni nyuzi ngapi, na kama kupitana kunawezekana. Talladega, Daytona na Atlanta ziko pamoja. Bristol iko peke yake. Darlington nayo peke yake, na Byron nilimwekea moja ya mara zake zilizobaki kwa Southern 500, mbio za pili za Darlington, Agosti 31, 2025. Larson nilimtunza kwa Bristol ya usiku, Septemba 13, 2025. Bamdogo aliomba ruhusa kazini tarehe hizo zote mbili, na kwa mtu wa Charlotte au Greensboro aliyetaka kiti cha nyuma tuliacha nafasi mbili, mafuta ya kugawana.